Mstari wa Rangi ya Kucha

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako akinisikia nikisema hivyo atanuna mpaka Jumapili. Wacha anune. Umeniambia unafungua kibanda cha kutengeneza simu kule Githurai 45, na tangu uniambie usingizi wangu umekuwa wa kuibia. Si kwamba nashuku mikono yako, mikono unayo. Nashuku wateja, nashuku majirani wa hicho kibanda, na wewe pia nakushuku kidogo, kwa sababu una moyo laini kama niliokuwa nao mimi. Huo moyo laini nusura uniue.

Weka simu chini basi nikueleze. Nimesema chini, si kwenye paja.

Wakati huo nilikuwa kijana tu, nimetoka Bungoma na begi moja, nikaajiriwa na mzee mmoja wa Ruiru aliyeitwa Gatheru. Alikuwa na gereji ya pikipiki nyuma ya soko: mabati manne, benchi moja la mbao lililolowa oili, na ukuta uliopangwa matairi kuukuu. Mzee Gatheru hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kazi kwa kunipiga kofi mkononi nikishika spana vibaya, na jioni ananinunulia chai. Nilimpenda, lakini pia nilimshuku. Nilikuwa mgeni pale, sijui Kikuyu, na kila Mzee na wateja walipozungumza wakacheka nilidhani wananicheka mimi. Nilikuwa nimeshajua maneno mawili tu, *mundu uyu*, yaani mtu huyu, na kila nikiyasikia masikio yananisimama. Mundu uyu ni nani kama si mimi? Kumbe mara nyingi walikuwa wanasema habari za chifu.

Basi asubuhi hiyo akaletwa mwanamke juu ya pikapu, yeye na skuta yake. Alikuwa mtu wa Ngoingwa, kule Thika, anaitwa Mama Ciru. Kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine na kuzipeleka madukani, na siku hiyo alikuwa anazileta Ruiru. Mkokoteni wa kabichi ukavuka barabara mbele yake. Akashika breki, skuta ikapunguza mwendo kidogo tu, akaugonga mkokoteni kwa nyuma na kuanguka ubavu. Yeye hakuumia, ni goti tu lililochubuka. Lakini skuta ilikuwa imevunjika kioo cha taa, madigadi ya mbele, ile ya kuzuia matope, imekunjwa hadi inagusa gurudumu, usukani umepinda, na mkono wa breki umekatika katikati.

Kabla hajasema habari zenu, alifungua mkoba akatoa kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu ile ya kupiga kelele. Akainama, akaanza kupaka alama. Nikadhani kichwa kimegongwa pia. Alipaka kabureta, akapaka plagi, akapaka betri, halafu akafika kwenye nati kubwa ya gurudumu la nyuma, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha pembeni. Nilielewa hapo hapo, na damu ikanichemka. Nati ile ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika. Mama huyu alikuwa ametufunga kwa mstari.

"Mzee, nisamehe," akamwambia Gatheru, lakini macho alikuwa ameyaweka kwangu. "Kuna fundi mwingine alinitolea kabureta nzuri akaniwekea ya kufa. Nilisukuma hii kitu mpaka nyumbani na mtoto mgongoni. Siku hizi siamini mtu."

"Weka alama mama, weka," akasema Mzee Gatheru, na wala hakuonekana kuudhika. "Ni haki yako."

Mimi niliudhika kwa niaba yake. Halafu wakazungumza Kikuyu kidogo, na nikasikia *mundu uyu*, na safari hiyo sikuwa na shaka, kwa sababu mama alininyooshea kidole. Mzee aliniambia baadaye kwamba alikuwa anauliza kama mimi ndiye nitakayefanya kazi. Wakati ule nilijua tu kwamba nimeitwa mwizi kwa lugha nisiyoijua.

Mzee akaondoka kwenda Thika kutafuta kioo cha ile taa, maana Ruiru hakikuwepo. Tukabaki wawili, mama na mimi. Akavuta stuli, akatoa chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja, chake. Nikigeuza madigadi anageuza shingo. Nikichukua nyundo anauliza hiyo nyundo ni ya nini. Nikaingia ndani kuchukua kipande cha mbao cha kugongea, akainuka akachungulia mlangoni. Mimi nami nikaanza kumshuku. Nikajiuliza, mtu anayelinda kitu hivi, alikipataje? Kwa nini kila nikimuuliza habari za ajali anajibu kwa mkato? Yaani tulikaa pale kila mmoja akimwona mwenzake mwizi, na tulikuwa tumetoka kuamkiana kwa jina la Mungu.

Lakini nilipoishusha skuta kutoka kwenye stendi na kuisukuma kidogo, nikakanyaga breki ya nyuma. Hakuna kitu. Mguu unashuka tu mpaka chini, na gurudumu linaendelea kuzunguka huku likikwaruza ndani, chuma kwa chuma. Nikakumbuka alivyosema, kwamba alishika breki na skuta ikapunguza kidogo tu. Mkokoteni haukuwa na makosa peke yake.

Na pale chini, mahali pa kuweka miguu, mbele ya kiti, niliona kitu kisicho cha skuta. Palikuwa na kimto kidogo kimeshonwa kwa nyuzi za sweta, kimefungwa kwa kamba za viatu. Unajua skuta ina ile nafasi bapa mbele. Mtoto mdogo husimama pale, ameshikilia chini ya usukani, na mama anaendesha huku amemkinga kwa magoti. Hapo ndipo Ciru aliposimama kila asubuhi akipelekwa nasari, shule ya watoto wadogo. Siku hiyo hakuwepo kwa bahati tu. Angekuwepo, angekuwa wa kwanza kuupiga ule mkokoteni kwa uso.

Nikamwambia, "Mama, hizi breki za nyuma zimeisha. Vile viatu vya breki vya ndani vimelika mpaka chuma. Wacha nifungue uone."

Alicheka kicheko kikavu. "Haiya! Hapo ndipo huwa mnaanzia. Leo breki, ukimaliza utaniambia injini. Nimeleta taa na madigadi. Rekebisha nilicholeta."

"Lakini mama, mtoto..."

"Mtoto wangu ameingiaje hapa?" Akasimama kabisa. "Nani amekuambia huwa nampakia kwa hii skuta?"

Nilikuwa na jibu. Ningemwonyesha kimto. Lakini nilikuwa kijana, nimechomwa na ile rangi ya kucha na kile kidole, na kiburi kikanibana mdomo. Nikasema moyoni, sawa, kaa na mashaka yako. Nikaendelea kugonga madigadi.

Ikafika wakati akalazimika kupeleka zile sweta dukani, maana mwenye duka alikuwa ametuma mtu kumwita. Alisimama mlangoni muda mrefu akihesabu vitu kwa macho. Akanitazama, akaitazama skuta, akaondoka karibu kwa kurudi nyuma nyuma.

Alipopotea tu, mwanangu, nikafanya kile ambacho mpaka leo sijui nikiite jina gani. Nikachukua spana nikafungua gurudumu la nyuma. Viatu vya breki vilikuwa vimekwisha, hakuna hata unga wa kubana. Nikaenda kwenye sanduku la Mzee, nikatoa vingine vilivyotumika lakini bado vizima, nikavifunga. Nikavificha vile vibovu chini ya matambara ili mama asivione akaanza maneno. Nikakaza nati. Na nilifurahi. Nilipiga mluzi! Nilijiona malaika, nimemwokoa mtoto wa watu bila kudai shukrani. Ule mstari mwekundu ulikuwa umekatika vipande viwili, wala sikuuona.

Yeye aliuona kabla hajafika mlangoni.

"Nani amefungua gurudumu la nyuma?"

Hapo, mwanangu, palikuwa na mlango wa kutokea, mpana kabisa. Ningesema ni mimi, na sababu ni hii. Badala yake ulimi wangu ukaniruka. Nikasema, "Hakuna mtu amefungua."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Akapiga kelele, mwizi! Wewe umezaliwa mjini, unajua neno mwizi likipigwa kelele sokoni hufanya nini. Nikasikia miguu ikija mbio. Wenye kuuza viazi, makonda wa matatu, vijana wa kazi za mjengo, watu ambao jana walikuwa wameniomba pampu ya baiskeli, wote wakajaa mbele ya mabati. Mmoja akanishika kwenye kola. Mwingine akauliza ameiba nini, na mwenzake akajibu kwamba ameiba injini ya huyu mama. Injini! Iko pale wanaiona! Nikajaribu kusema, nikapigwa kofi, na si kofi la Mzee Gatheru la kufundisha. Halafu nikaona kijana mmoja amekwenda ukutani na kushusha tairi kuukuu la kunivika na kunichoma. Tairi letu wenyewe, nililolipanga mimi. Nikamwita mama yangu kwa lugha ya kwetu mbele ya watu wasioijua.

Mungu ni Mungu. Mzee Gatheru akatokea na kioo cha taa kimefungwa kwenye gazeti. Hakukimbia wala hakufoka. Alipenya katikati ya watu akisema nipite, nipite, kama mtu anayekwenda kununua nyanya, akamtoa yule kijana tairi mikononi na kulirudisha ukutani. Halafu akanigeukia. Nilitegemea anitetee. Nilitegemea aseme huyu ni kijana wangu, namjua. Hakusema hivyo.

"Wafula, umefungua hilo gurudumu?"

Nikalitazama lile tairi ukutani.

"Nimekuuliza. Umefungua?"

"Nimefungua."

Watu wakaguna, na mshiko kwenye kola yangu ukakaza. Mzee akainua mkono.

"Ulitoa nini?"

Nikaenda kwenye matambara, na yule aliyenishika kola akija nami, nikatoa vile viatu vibovu. Mzee akavichukua, akavitia mkononi mwa Mama Ciru. Mama akavipitishia kidole gumba. Palikuwa laini, chuma kitupu, kimeng'aa kwa kulika. Nikamwonyesha kimto kwa kidole. Nilikuwa nalia.

Ungedhani yaliishia hapo. Mama Ciru alivitazama vile vyuma, akanitazama, akauliza swali ambalo nimeishi nalo mpaka leo.

"Na nitajuaje kama hivi ndivyo vyangu?"

Mzee Gatheru akatikisa kichwa polepole. "Huwezi kujua, mama. Labda ni vyako. Labda amevitoa kwenye takataka zangu. Mimi sikuwepo, wewe hukuwepo. Huyu kijana ameharibu, hata mimi siwezi kumwapia."

Mwanangu, kofi la yule mtu halikuniuma kama maneno hayo. Nilikuwa nimesema kweli, nimeonyesha ushahidi, na kweli yangu haikuwa na kazi tena. Niliiua mwenyewe nilipofungua ile nati nyuma ya mgongo wa mtu.

Mzee akaniamuru nifungue gurudumu tena, watu wakiwa wamesimama pale pale. Spana ikaanguka, nikaokota. Nikatoa vile viatu vizima, nikavipanga kwenye gazeti pamoja na vile vibovu, na Mzee akamwambia mama, "Chagua. Ukisema virudi vyako, vitarudi. Ukisema hivi vizima, vitakaa. Skuta ni yako."

Mama akaenda akainama kwenye kile kimto, akakaza kamba moja iliyokuwa imelegea. Aliporudi sauti yake ilikuwa chini. "Ciru husimama hapo," akasema, wala sijui alikuwa anamwambia nani. "Weka hivyo vizima. Lakini funga nikiona."

Nikafunga akiona. Akachuchumaa karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilipomaliza kukaza akatoa kile kichupa, akachora mstari mpya juu ya nati, akaupulizia ukauke. Akavitia vile vibovu kwenye mkoba wake. Taa ikafungwa, usukani ukanyooshwa, mkono wa breki ukafungwa, akapanda akaenda zake Thika. Hakuniomba msamaha, wala hakusema asante. Watu walikuwa wamesharudi kwenye viazi vyao muda mrefu.

Jioni Mzee aliagiza chai kama kawaida. Nilitaka kumwambia naacha kazi, narudi kwetu, watu wa hapa si watu. Hakunipa nafasi. Aliniambia, "Ulikuwa sawa juu ya breki. Na leo ungechomwa ukiwa sawa." Akanywa kidogo. "Alipokataa, ungekataa na wewe. Ungemwambia, mama, hii skuta siifungi hivi, ipeleke kwa mwingine. Angekutukana, aende, arudi au asirudi. Hiyo ingekuwa kazi ya mchana. Lakini wewe ulingoja ageuke. Sasa niambie, mtu akikuona umengoja ageuke, akuite nani?"

Akaweka kikombe chini, akanikazia macho. "Halafu vile viatu vya breki umechukua kwenye sanduku ya nani?"

"Yako, Mzee."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Ngai! Kumbe huyo mama alikuwa anasema ukweli." Akacheka mpaka akakohoa, mzee yule, na mimi nikacheka na uso umevimba. Sikurudi Bungoma.

Mama Ciru aliendelea kuja. Hilo lilinishangaza sana, maana mafundi Thika walikuwepo. Alikuja na kichupa chake, akapaka mistari yake, akakaa kwenye stuli na chai ya kikombe kimoja. Nami nikajifunza. Kabla sijagusa nati nasema, mama, nafungua hii. Nikitoa kitu kibovu namtia mkononi kabla hakijapoa. Hakuwahi kuniambia ananiamini, na mimi sikumuuliza. Mzee Gatheru alipokwenda zake kwa Mungu nikahamia hapa Mugutha, nikajenga gereji yangu, na Mama Ciru nikampoteza.

Basi mwaka huu, wewe ulikuwa shuleni, akaja msichana na skuta ya kisasa, imechubuka ubavu, kioo cha pembeni kimeng'oka. Kitu kidogo, aligongana na boda boda pale kwenye matuta. Akaning'inizia ufunguo kwenye msumari wa benchi, akasema, "Niaje mzee, nitarudi jioni," akageuka kuondoka.

Nikamwita. "Wewe, hukai? Unaacha mali yako hivi kwa mtu usiyemjua? Mafundi wanaiba siku hizi!"

Akacheka. "Nimeona jina lako kwenye kibao pale nje. Mum aliniambia kwa fundi Wafula nisikae. Kwa wengine wote nikae."

"Mum ni nani?"

"Mama Ciru wa Ngoingwa. Mimi ndio Ciru."

Nikaitazama ile miguu iliyokuwa ikisimama kwenye kimto cha nyuzi, sasa imevaa raba nyeupe, mirefu. Mwanangu, nililia mchana kweupe, mbele ya wateja. Kisha nikamrudisha kwa nguvu. Nikafungua sanduku, nikampa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ninachokaa nacho siku zote pale na mama yako ananishuku kwa ajili yake. Nikamwambia chora mistari yako kwanza, ndipo uende. Akachora akicheka. Jioni akaikuta yote mizima, isipokuwa mmoja ambao nilimpigia simu kabla ya kuukata.

Sasa sikiliza, ndiyo maana nimekuketisha. Watu watakushuku. Watakaa mbele ya kibanda chako wakikodolea vidole vyako, watafikiri unabadilisha betri, watafikiri unasoma ujumbe wao. Usiwanunie. Wameibiwa na wengine kabla yako, na wewe umekuta kidonda, hukukifanya wewe. Wavutie stuli. Ukitaka kufungua kitu, sema kabla ya kufungua. Ukitoa kibovu, kiwe mkononi mwake palepale. Akikataa jambo unaloliona la hatari, kataa kazi kwa mdomo wazi, na simu yake umrudishie. Lakini usimtendee mtu wema akiwa amegeuka. Wema uliofanywa gizani haumjui mtu aliyeufanya, mwanangu, na siku utakapohitaji kutetewa nao hautakuja. Na ukiulizwa umefungua, sema nimefungua, hata kama sauti inatetemeka.

Shika hiki kichupa, ni kipya, nimekinunua jana na yule mwenye duka akanitazama kwa shaka. Kiweke mbele, mahali mteja anapokiona. Wele, Mungu wa kwetu, aliyemlinda baba yako kwenye mikono ya watu wa soko akulinde na wewe huko Githurai. Akupe mikono isiyojificha, akupe wateja wagumu wanaorudi, na siku moja watoto wao waje kwako waache vitu vyao na kuondoka bila kuangalia nyuma. Amina. Haya, nenda, mama yako asikuone na hiyo rangi.